Mstari wa Mia na Kumi na Saba

Kila ofisi ilikuwa na daftari lake,
kila daftari na droo yake,
na kila droo na mtu wa ufunguo
ambaye leo yuko semina.

Mwaka niliostaafu kupiga chapa wizarani
niliizunguka Dodoma na mikono yangu miwili
kama mtu anayetembeza kuku asiye na mnunuzi.
Makole waliniambia: andika barua.
Ipagala wakauliza: umetumwa na nani?
Chang'ombe walinipa kiti, wakanipa soda,
wakasahau nimekuja kwa lipi.
Nikarudi Nkuhungu kupalilia bamia
zisizokuwa na gugu hata moja.

Wala hapakuwa na mchoyo.
Kila mmoja aliificha haja yake bila kujua anaficha,
kama karanga, inayozaa
huku imeinamia udongo.

Ndipo akaja Chilongani, kijana wa takwimu,
shati limefifia kwa vumbi la Veyula,
akawaketisha wote ukumbi wa kata.
Akasema: fungueni madaftari.

Ikachukua miezi minne.
Huyu kaandika Jumatano, yule "siku ya mnada".
Kikuyu ilibidi ipewe nambari za ramani
mashine isije ikaipeleka Kenya.
Mhasibu wa zahanati akagoma wiki nzima:
"Nikiutaja upungufu wangu hadharani, nitaitwaje?"
Chilongani akamwonyesha wa jirani yake.
Ulikuwa uleule.
Akacheka, akasaini.

Sasa jedwali liko wazi, halina mlango.
Atakaye alisome, alinakili,
alishone upya kwa kipimo chake.
Sechelela, fundi simu wa Sabasaba,
amelifundisha kunong'ona hata kwenye kitochi.

Nikapitisha kidole, mstari kwa mstari:
Mvumi, hesabu za kidato cha pili, Alhamisi.
Hombolo, kupima kina cha bwawa, kila tarehe mosi.
Makutupora, kumsomea barua asiyeona;
barua zenyewe ni mbili tu, hurudiwa.

Kisha wa mia na kumi na saba:
Nkuhungu, nyuma ya mashine ya kusaga.
Wazee watatu. Kukata kucha. Jumamosi.
Si lazima ujuzi. Njoo na subira.

Nyuma ya mashine ya kusaga!
Miaka sita nimepeleka uwele wangu pale,
nimesubiri zamu, nimeegemea ukuta ule ule,
unga ukinituama kwenye nyusi,
na upande wa pili wa matofali
mtu anavaa kandambili kwa shida.

Nani angebandika tangazo la kucha?
Nani angeitisha mkutano?
Jambo dogo kama hili halina bango.
Lilihitaji mstari tu,
na mstari uonekane.

Jumamosi nikaenda na mkasi, sabuni na taulo.
Mzee Mbeleje hakunisalimu,
alinyoosha mguu.
"Umechelewa," akasema.
Sikujua anahesabu dakika au miaka.
Sikuuliza.
Nikamimina maji ya uvuguvugu kwenye beseni,
nikaanza na kidole kidogo.