Kabla ya Daku

Mwaka huu sijala mchana hata siku moja,
na nyumba nzima, hapa Al Khoud, inajua.

Kila Ramadhani huwa na siku zangu saba
za kujificha na sambusa nyuma ya mlango wa stoo,
nikitafuna polepole, mashemeji wasisikie.
Leo mwezi ishirini na sita.
Stoo haijaniona.
Mama mkwe, Bi Shinuna, hasemi kitu;
anahesabu kwa macho
kama anavyohesabu kuku wa friza.

Mfamasia wa Mabela, Mmalayali mwenye miwani ya kamba,
alikataa kuniuzia mwezi wa Rajabu.
"Hujachelewa bado," alisema. "Utapima nini? Hamu?"
Nikanunua kwingine, nikapima,
mstari mmoja, mkavu kama barabara ya Fahud,
nikalia chooni na bomba nimeliacha wazi.

Safari hii nimeziacha siku zipite:
moja, tatu, saba.
Muhanna yuko jangwani kwenye visima vya mafuta,
wiki mbili ndani, wiki mbili nje.
Sijamwambia. Simu ya kule
ina masikio ya wenzake watatu chumbani.

Karatasi ya kwenye boksi inasema:
mkojo wa kwanza wa asubuhi.
Aliyeiandika hakumfikiria mtu wa kufunga,
anayeamshwa saa tisa na nusu kunywa maji kama ngamia
hata mkojo ukawa hauna habari.
Basi nimewatangulia. Saa tisa kasorobo,
koo kavu, miguu peku kwenye vigae,
na finjani moja ya kahawa, ya ukingo wa dhahabu,
ambayo haitarudi tena kwenye sinia.

Dakika tatu.
Kiyoyozi cha jirani kinadondosha.
Nahesabu matone, napotea, naanza upya.

Mstari wa kwanza umetoka mwekundu, bila haya.
Wa pili
nainua kijiti kwenye taa, nakishusha,
nafumba jicho moja.
Upo. Haupo. Upo,
kama mwezi mwandamo ulioonwa na shahidi mmoja
na wenzake wote wakasema ni wingu.
Kesho kutwa nitatazama tena.

Jikoni sufuria zimeanza kugongana.
Nanawa, nakaa, nanyoosha mkono kwenye tende.
Bi Shinuna ananijazia gilasi, nakunywa,
anaijaza tena bila kuombwa,
kisha, akigeuza chila, mgongo kwangu:
"Kwani ile finjani ya sita iko wapi?"