Kilo Kumi na Saba

Kaunta ya uwanja wa ndege, Tanga, saa mbili asubuhi.
"Huyu anasafiri na nani?"
Swali limeruka kichwa changu, limetua kwa mpwa wangu Mbelwa,
naye anatazama viatu.
Nasafiri na tiketi, nikajibu.

Nauli nimelipa sawa na yule bwana wa mkoba wa ngozi,
shilingi kwa shilingi, hapakuwa na punguzo la huruma.
Jina limo orodhani, mstari wa nne:
Mwantumu Kilua, Pemba.

Matusi hawakunitukana.
Walisema "pole mama" mara saba, nilihesabu.
Pole haina ngazi.

Ikaja karatasi.
"Saini hapa, kwamba likitokea lolote
kampuni haihusiki."
Na bwana wa mkoba amesaini?
"Yeye ni mzima."
Mimi pia mzima, mwanangu.
Polio ilichukua miguu, ikashiba, ikaenda zake.
"Basi lete cheti cha daktari."
Cha ugonjwa gani?
Pangaboi likazunguka peke yake darini.

Ipo sheria, nikasema.
"Sheria ziko Dodoma, mama."
Kumbe! Nazo zilinyimwa ndege?

Kiti changu wakakipandisha mizanini:
kilo kumi na saba. "Mzigo wa ziada, utalipia."
Mzigo!
Fundi Mhando wa Ngamiani alikitia spoku za baiskeli,
breki ya kushoto ni kipande cha ndara.
Kimenifikisha sokoni Makorora,
kimenifikisha mazikoni kwa mama,
kikizama mchangani, nazama nacho.
Pima na miguu ya yule bwana, nikasema,
ujue kilo zake, umtoze.
Foleni ikacheka.
Bwana akaivuta miguu chini ya benchi.

Vijana wawili wakanijia, mikono tayari kwapani,
kama wanashusha saruji.
Salamu kwanza!
Wakasalimia.
Sasa wewe shika hapa, nyuma ya goti.
Wewe mgongoni. Nikisema tatu, siyo kabla.
Wakanipandisha vizuri, wallahi, kumbe wanaweza.

Nimeketi dirishani.
Chini, karibu na bawa, kiti kimebaki kwenye lami,
upepo wa propela unalizungusha gurudumu moja
polepole.
"Kitakuja na ndege ya Alhamisi."
Leo Jumatatu.
Siku tatu Chake Chake, nitembelee nini? Pole?

Sikupaza sauti.
Nilifungua mkanda, nikaulaza mapajani,
ncha huku, ncha huku.
Mbele yangu pameandikwa kwa herufi nyekundu,
na picha juu yake kwa wasiosoma:
ndege hairuki mpaka kila abiria afunge.

Kila abiria.
Hiyo haikuwa Dodoma.

Rubani akageuza shingo.
Nikamwonyesha kwa kidole.