Barua Mbili za Namba 3714

Nilizipeleka zote mbili, siku moja, mkono mmoja.
Ya benki ilikuwa nyembamba, yenye kidirisha cha nailoni,
jina likichungulia humo: Dolores Hudacek.
Ya pili nene, ya manjano, imeandikwa kwa mkono,
au kwa mashine iliyofunzwa kuiga mkono:
Binafsi. Haraka. Tunaijua shida yako.

Mimi ni tarishi. Sheria yangu fupi:
anwani niisome, ya ndani hayanihusu.
Miaka kumi na tisa nakanyaga theluji ya Cleveland,
najua mbwa yupi anang'ata, ngazi ipi imeoza,
nani kapata mjukuu, nani kaanza kukwepa bili ya gesi.
Bahasha husema kabla mwenyewe hajasema.

Na mahakama ikishabandika jina lako
kwamba nyumba itanadiwa kwa deni la rehani,
wanakuja, inzi na kidonda:
kadi chini ya mlango, simu wakati wa chakula.
Wake alikuja na viatu visivyojua theluji.
Bwana Trent. Alikula vipande vitatu vya keki ya njugu,
akamsifu marehemu ukutani, na kofia yake ya kiwanda cha chuma.

Akasema, usiongee tena na benki, watakuvuruga.
Akasema, ya kila mwezi usipeleke huko, nipe mimi.
Akasema, saini hapa, na hapa,
na hapa penye alama.
Karatasi kumi na moja.
Miwani ya Dolores ilikuwa chumbani.

Alinisimulia kibarazani, anatabasamu
kwa mara ya kwanza tangu mvua za Oktoba.
"Nimepata mtu," akasema.
Na mimi, Mungu anisamehe,
nikasema hongera.

Mfa maji hukamata maji.
Haya yalivaa tai.

Machi, barafu ikidondoka kwenye michirizi ya paa,
nikakuta mkobani bili ya kodi ya nyumba.
Namba ile ile, 3714. Mtaa ule ule.
Jina: Kampuni ya Mapambazuko Mapya.
Nilisimama njiani kwake nimeishika
kama mtu aliyekabidhiwa nguo za maiti.
Sheria inasema: tumbukiza, endelea.

Nikagonga.

"Bi Dolores, nani huyu anayeishi kwako?"

Safari hii alifuata miwani.
Akatoa zile karatasi kwenye droo ya vijiko
akasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili,
hadi penye maneno *hati ya kuhamisha umiliki*.
Birika likapiga mluzi jikoni.
Hakuna aliyelizima.

Mwanasheria wa bure yuko juu ya duka la dawa,
ngazi ishirini na sita; nilimhesabia tukipanda.
Keziah Tolliver, kijana, ana mafua, meza imejaa.
Alisema: anayetaka pesa kabla ya kazi, mkimbie.
Anayekukataza kusema na benki, huyo mkimbie zaidi.
Akaishika ile hati kwa ncha za vidole.
"Tutaipinga. Siahidi kitu."

Tukishuka, Dolores akanishika kiwiko.
"Huyu ndiye wa kwanza," akasema,
"ambaye hakuniahidi kitu."

Kesi imeahirishwa mara mbili. Pazia bado ni zake.
Benki amepiga simu mwenyewe, akangoja dakika arobaini
akisikiliza muziki wao mbaya, hakukata.

Leo mkobani nina nane za manjano,
kwa nyumba nane, na nane zote nazijua.
Sheria inanitaka nizifikishe. Nitazifikisha.
Lakini sheria haikusema neno
kuhusu kengele.
Nabonyeza. Nasubiri
kusikia ndara zikija.