Shati la Zamu Mbili

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa darasa:
nyeusi, nyeupe, au kijivu cha wingu la mvua.
Viatu vifunike vidole. Nywele zitulie.
Halikusema nguo zitatoka wapi.

Shangazi Apondi alilisikia, akacheka puani,
akaburuta sanduku kutoka uvunguni:
"Nyeusi na nyeupe? Kumbe mimi
ni wakili mwaka wa kumi na tatu huu!"
Sketi yake ya hoteli. Shati lake la hoteli,
lenye harufu ya sabuni ya mche
na, kwa mbali, mbuta wa kukaangwa.
Akachomoa kibandiko cha jina lake;
vikabaki vitundu viwili vya pini
juu kidogo ya moyo.
"Saa kumi liwe hapa. Zamu haingoji msomi."

Jua la Kisumu halijui kanuni za mavazi.
Kutoka Nyalenda nilitembea kwapa wazi
kama kuku anayeatamia hewa,
jasho lisije likagusa mali ya watu.

Daktari Makokha alinisimamisha mbele:
"Mtazameni Awuor. Hivi ndivyo wakili huvaa."
Hata Kiplimo, mwenye suti ya kushonewa,
akajipapasa tai.
Kisha somo: kumiliki ni nini, kushika ni nini,
na kitu kikiwa mkononi mwako, ni chako?
Jibu nilikuwa nalo. Nikainua mkono,
nikaona kwenye kofi la shati
doa la mchuzi, dogo, la manjano.
Nikaushusha.
Nikakalia ushahidi.

Saa kumi kasorobo nilifika nikihema.
Alikuwa kajifunga leso, pini tayari mdomoni.
Tulilivua likiwa moto, akalivaa likiwa moto,
akatafuta kwa kidole vitundu vile vile viwili.
"Umeshinda?"
"Hakuna kesi, shangazi. Ni darasa."
"Haya. Ila ukiulizwa, jibu."

Alirudi usiku wa manane, miguu imevimba,
akaitumbukiza kwenye beseni.
Meza ya sita, alisema, kulikuwa na mtu na tai yake;
jina amelisoma hapa kifuani, wazi kabisa,
na bado akamwita kwa kualisha vidole.

Sikusema kitu. Nilichukua shati,
nikalisugua kofi mpaka ngozi ikaniwasha,
nikalianika dirishani.
Doa halikutoka lote.

Asubuhi kola ilikuwa bado mbichi.
Nikalivaa hivyo hivyo,
nikaenda kuinua mkono.