Taarifa kwa Waliobaki, Darasa la Sabini na Nne

Wapenzi wenzangu,
nilikwenda Jumanne kama mlivyonituma,
na goti langu, na mwavuli, na daftari la michango
ambalo siku hizi limekuwa la majina.

Kwanza lango. Limehamia upande wa stesheni.
Pale tulipoingilia sisi, masanduku ya bati kichwani,
pamejengwa ukuta, na ukutani pameandikwa
USIKOJOE HAPA, kwa herufi zilizonyooka kweli kweli.
Gwimo, ungempa mwandishi tisa kwa kumi.

Kijana wa lango akaniuliza, Bibi, unamtafuta nani?
Nikakosa jina.
Kitabu cha wageni kina safu ya sababu ya kuja.
Nikaandika: kuhesabu.

Haya, nahesabu.
Bweni letu limepakwa rangi ya mtindi,
ni ofisi ya mhasibu. Pale kitanda cha Kalunde
pana mashine ya kutema risiti.
Jikoni hakuna moshi, wanapikia gesi,
wali mara mbili kwa wiki, na maharage hayana wadudu,
jambo ambalo Luhende hataliamini
mpaka aletewe sahani.
Kisima kimezibwa kwa zege. Maji yanatoka Ziwa Viktoria,
ndiyo, Viktoria, yamekuja yenyewe hadi Tabora,
nasi tuliyabeba utosini kutoka bondeni
huku tukikariri saikolojia ya mtoto.
Wanasomea diploma. Neno cheti wanalitamka
kama mtu anavyotamka koroboi.

Kengele.
Najua mtaniuliza kengele.
Kile kipande cha reli kilichotuamsha saa kumi na moja,
baridi ya Juni ikitung'ata masikio,
kimeshushwa. Sasa kuna kitu kinalia ndani ya ukuta,
sauti ya mbuzi aliyekabwa.
Reli niliikuta nyuma ya stoo, imeegemezwa matairi.
Nikaokota jiwe, nikaigonga mara moja, taratibu,
huku nikiangalia kama kuna anayeniona.
Iliitika mpaka kiwiko kikaingia ganzi.
Hakuna aliyetoka darasani.

Halafu umeme ukakatika.
Mkufunzi wao, Mihayo, mtoto wa Sikonge,
alikuwa akifundisha kwa picha za ukutani, picha zikafa.
Nyuma ya kitambaa cheupe ubao mweusi bado upo!
Akashika chaki. Mstari wake ukapanda mlima.
Nami nipo dirishani, mdomo ukanitoka:
tembea na miguu, mwanangu, mkono utakufuata.
Akanikaribisha ndani.
Nikaandika tarehe, siku, mwezi, mwaka.
Binti wa dawati la mbele akasema kwa adabu,
Bibi, mwaka umekosea.
Nikaufuta kwa kiganja,
kosa ambalo enzi zetu lilikuwa fimbo mbili.

Sasa majina.
Tulikuwa arobaini na mmoja.
Barua tisa zimerudi na mhuri wa posta.
Walionijibu ni kumi na mmoja, mmoja kwa kidole gumba
kwa kuwa kiharusi kimemwachia hicho.
Tatu Nassoro wa Ujiji nilimpigia simu Februari.
Akapokea mjukuu. Bibi hayupo, akasema,
kwa sauti ile ya bibi aliyekwenda sokoni,
na mimi, mwalimu wa miaka thelathini na nane,
nikajibu: basi nitapiga baadaye.
Bado sijalifuta jina. Kalamu ninayo.

Mkuu wa chuo, mama mpole, simu mbili mkononi,
alisema reli tunaweza kuichukua, inawazibia njia.
Mkokoteni hadi kwangu Isevya elfu kumi na mbili.
Nimelipa. Imening'inia uani kwa mnyororo wa ng'ombe,
na majirani wameshanilalamikia.
Mkipita Tabora msipige hodi.
Gongeni.

Wenu, Nyamizi, katibu.

Luhende, mchango wa mwaka juzi bado nakudai.