Karela Tatu

Mwezi wa saba, jua la Naha likichoma mabati,
mama yangu alifika bandarini na koti la sufu.
Nilijua kabla hajalivua.
Mimi upande huu wa meza, na kofia ya serikali,
yeye upande ule, pamoja na abiria wa meli ya Osaka,
foleni nzima ikitutazama.
"Fungua, mama," nikasema,
kama nilivyowaambia wote tangu asubuhi.

Karela tatu ndani ya taulo,
za kijani, zenye vipele, moja ingali na kikonyo.
Dada yangu Sayoko alikuwa na mimba ya miezi mitano huko,
hataki wali, hataki samaki,
analilia uchungu wa nyumbani.

Sheria ni msumeno. Niliupitisha.
Ya kwanza safi. Ya pili safi.
Ya tatu ilipopasuka, funza wakaruka
(wale huruka, hujikunja kama upinde na kujifyatua)
mmoja akatua kwenye mkono wa koti.
Mama akamtazama. Hakumpangusa.
"Kumbe ndio hawa serikali inawaogopa."
Akapanda meli mikono mitupu,
wala hakunisemesha mpaka mwaka mpya.

Nzi yule si wa kwetu. Alivuka kutoka kusini
kisiwa kwa kisiwa, bila tikiti,
kiuno cha nyigu, bawa lenye doa.
Hutoboa tunda changa, hutaga, huenda zake;
wewe unaona limenawiri, ndani ni uji.
Tulinyunyiza, tukafukia, tukachoma.
Sumu iliposhindwa, wakubwa wakaja na hesabu:
dawa ya moto ni moto,
dawa ya nzi ni nzi.

Wakanihamishia kiwandani.
Kiwanda cha nzi! Majirani walicheka mpaka wakakaa chini.
Trei kwa trei za pumba, sukari na hamira,
joto kama la chumba cha mzazi,
nikilea kwa mamilioni kile nilichoapa kukimaliza.
Walipokauka mfano wa punje za mpunga
tuliwaingiza penye kuta nene,
mwanga usioonekana ukawapitia,
wakatoka na mabawa, na hamu yao yote,
ila mbegu zimekufa.
Tukawapaka unga wa rangi, helikopta ikawamwaga mashambani
wakaoe, wasizae.

Mama akaniuliza, akimenya vitunguu:
"Na wao, wanajua?"
Nikasema, nzi kufia kidondani si hasara.
"Huyo alikionja kidonda," akajibu.

Ikawa miaka ya kuhesabu.
Kila Jumatatu Yonamine alileta mitego,
chupa zenye harufu ya kulaghai madume,
nami chini ya taa ya zambarau:
anayeng'aa, wetu; asiyeng'aa, adui.
Wetu mia nne, adui sitini.
Wetu elfu, adui tisa.
Wetu elfu, adui hakuna.
Hakuna.
Hakuna.
Mmoja. Yonamine alipiga teke ndoo.
Kisha hakuna, na hakuna, na hakuna,
hadi neno lile likawa tamu mdomoni.

Siku zuio lilipoondolewa zilikuwapo bendera,
naibu waziri akatafuna karela mbichi mbele ya kamera,
uso ukamkunjika.
Mama hakuja. Alikuja kesho yake
na gauni jepesi, na katoni iliyofungwa kamba,
akaitua mezani pale pale.
"Kagua."
Nikamwambia, siku hizi hatukagui.
"Nimesema kagua."
Nikachukua kisu, nikapasua ya juu.
Weupe, mbegu, utomvu kidogo.
Akaikodolea macho muda mrefu, foleni inakohoa,
kisha akafunga kamba upya kwa fundo lake mwenyewe.

Wiki iliyofuata Sayoko akapiga simu.
Yeye alikula akalia.
Yule wa mimba ile, ameshaota ndevu,
aliweka kipande ulimini akakitema:
"Chungu! Yaani mlipigania hiki?"

Nilikuwa bado nacheka nilipoisikia helikopta juu ya paa
ikibeba tasa wetu wa wiki ile,
maana upepo wa kusini hausomi matangazo.