Kilo Moja na Robo

Niliipima kwa Mama Cibalonza, sokoni Kadutu,
juu ya mizani ile ile ya sambaza.
Kwanza akafuta magamba kwa pembe ya kikwembe.
Kilo moja na robo.
"Ingekuwa samaki," akasema,
"watu wanne wangelala wameshiba."

Birindwa, mdogo wangu, bado anacheka.
Yeye ana mashine ya kiume: feni inavuma
kama ndege inayotafuta uwanja wa Kavumu kwenye ukungu,
na Sineli wakikata umeme
inazima katikati ya neno.
"Yako ni dirisha tu," ananiambia.
"Ukiondoa mtandao, unabaki na sinia."

Ni kweli. Sibishi.
Mama ameshachagulia maharage juu yake.
Haina kitufe cha herufi kubwa;
pale kilipopaswa kukaa wameweka kioo cha kutafutia,
na wiki mbili za kwanza kidole changu cha mwisho
kilitafuta kitu kila nilipotaka kupaza sauti.
Kumbukumbu yake ni ndogo. Nikifungua kurasa saba,
ya kwanza inasinzia.

Lakini saa kumi na moja alfajiri, Nguba iko gizani,
ziwa halionekani, linasikika tu,
simu nimeiegemeza kwenye nondo za dirisha,
mahali pekee ambapo mtandao wa ng'ambo ya Ruzizi unatufikia,
baa mbili, siku nyingine moja na nia njema,
naandika.
Likelemba ya akina mama kumi na wawili:
nani ametoa, nani zamu yake,
nani ameomba asubiriwe maana mtoto amelazwa.
Mabano yanafunguka, mabano yanafungwa,
nukta-mkato mwishoni mwa mstari, ndogo kama mbegu ya pilipili,
na ikikosekana chakula chote hakiliki.
Kosa: mstari wa arobaini na moja.
Nimemhesabu Nsimire mara mbili.
Yeye angenishukuru. Wenzake wangenila mbichi.

Mega mia zinaisha kabla ya chai.
Niliyoyaandika yameshakwenda kulala
katika jumba lenye baridi, nchi nisiyoijua,
ambako mimi mwenyewe ningedaiwa viza, barua ya benki,
picha inayoonyesha masikio yote mawili.
Kazi yangu inavuka bila kuulizwa jina la babu yake.

"Sasa kazi yenyewe iko wapi?"
Baba anaigeuza mashine, anaikagua tumbo
kama anayetafuta tundu la kutilia mafuta.
Fundi huyu alitoka Bunyakiri na cherehani kichwani.
Siku ya kwanza alitembea nayo.
Ya pili alitembea nayo.
Ya tatu, mvua, utelezi, mimi mgongoni kwa mama naungua homa,
akaishusha kando ya njia,
akaifunika kwa majani ya mgomba,
vizuri, pande zote,
kama mtu atakayerudi jioni.
Shingo yake mpaka leo inaelekea kushoto.
Birindwa alikuwa hajazaliwa.

Sijamwambia baba kwamba ndiyo maana
nilizipita zile nene, zenye nguvu, mezani kwa muuzaji,
nikaomba iliyo nyepesi kuliko zote.
Namwambia tu: iko mahali salama, baba.
Hata hii ikiibwa, hata ikilowa,
nitaomba ya mtu mwingine, nitafungua, nitaikuta.
"Na ufunguo?"
Nagusa kichwa changu.

Anapatazama pale nilipogusa, kwa muda,
kwa jicho lile la kukadiria kitambaa.
"Hapo hapo," anasema,
"ndipo nami nilipoibeba."

Kisha anakwenda kunawa uso.
Baa moja imerudi.
Nsimire: mara moja.